Chuo Hiki Kina Wenyewe

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Kakamega

Naibu Chansela, wakuu wa vitivo na idara, wahadhiri na wafanyakazi wote, viongozi wa wanafunzi, wazazi, wazee wetu mliotoka Butsotso, Isukha na Kabras mkaja kuketi nasi, na hasa ninyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao bado mnaulizana njia kati ya mabweni na kumbi za mihadhara: nawasalimu nyote kwa heshima, na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya mwanafunzi, urithi wetu, na huduma kwa jamii. Kwa kawaida mambo hayo hupewa wasemaji watatu, kila mmoja na lake. Mimi nayaona kuwa jambo moja, na sababu yake imo katika historia ya ardhi hii tunayoikanyaga. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kilichipuka kutokana na michango ya wananchi wa magharibi mwa Kenya, na wengi wa wananchi hao hawakuwa wameketi katika darasa la sekondari hata siku moja. Walitoa walichokuwa nacho ili mtoto wa mtu wasiyemjua apate ujuzi. Kwa hiyo mwanafunzi wa hapa anapokwenda kijijini kufanya kazi, asijione kuwa mfadhili anayepeleka msaada kwa wanyonge. Anakwenda kwa wenye chuo, na hivyo ndivyo anavyopaswa kubisha hodi.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Kenya ilijipatia uhuru mwaka wa 1963 ikiwa na mafundi na wataalamu wachache mno. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 1970, na kikabaki chuo kikuu cha umma cha pekee nchini mpaka kile cha Moi kilipoanzishwa Eldoret mwaka wa 1984. Wakati huohuo shule za sekondari za harambee zilikuwa zimeenea kila pembe, zikitoa kila mwaka vijana wenye vyeti vya kidato cha nne ambao hawakuwa na pa kwenda. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya sabini likazuka wimbi la vyuo vya teknolojia vya harambee, kila eneo likitaka chake. Kisumu wakaanzisha chuo cha Ramogi, Bonde la Ufa wakaanzisha chao Nakuru, Nyeri wakajenga cha Kimathi, Murang'a nao hawakubaki nyuma. Huku kwetu, mwaka wa 1972, Masinde Muliro na viongozi wenzake wakawaita wananchi wajenge Chuo cha Sanaa na Sayansi Tumizi cha Magharibi, ambacho kila mtu alikiita WECO. Kimathi na Murang'a leo ni vyuo vikuu kama hiki chetu, na sioni kama Wakenya tumewahi kukaa chini tukatafakari vya kutosha kwamba vyuo vikuu kadhaa vya umma vilianza kwa mwito wa wananchi wenyewe, kabla serikali haijavichukua.

Muliro mwenyewe mnapaswa kumjua, kwa maana jina lake litakuwa juu ya vyeti vyenu maisha yenu yote. Alizaliwa mwaka wa 1922. Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, enzi ambazo Mkenya mwenye shahada alikuwa wa kuhesabika, kisha akarudi kufundisha, na mojawapo ya mahali alipofundisha ni Chuo cha Walimu cha Siriba, ambacho majengo yake sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Maseno. Mwaka wa 1957 alikuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kuchaguliwa kwa kura. Mwaka wa 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi wa vuguvugu la FORD lililodai kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi, na mnamo Agosti 1992 akafariki dunia, miezi michache kabla ya uchaguzi alioupigania. Hakuwa mtu wa kujenga chuo kwa fedha za mfukoni mwake. Alichokuwa nacho ni imani ya watu waliokuwa tayari kumkabidhi fedha zao.

Watu hao walizitoaje? Hili nataka kulikalia kidogo, kwa kuwa vijana wengi wa leo wanaijua harambee kama karamu ya wanasiasa wenye magunia ya noti. Harambee za miaka ile ziliendeshwa hivi: chifu au mzee wa mtaa aliitisha baraza, meza ikawekwa chini ya mti au mbele ya darasa, na mweka hazina akaketi na kitabu cha risiti. Walimu, makarani na wafanyabiashara walitangulia, kila jina likitajwa kwa sauti pamoja na kiasi kilichotolewa, na umati ukipiga makofi. Kisha walifuata wasiokuwa na fedha. Huyu alileta mayai yaliyofungwa kwa majani ya migomba, huyu debe la mahindi, huyu mkungu wa ndizi, na vyote vilinadiwa papo hapo. Jogoo wa mjane angeweza kununuliwa mara tatu au nne kabla ya jua kutua, kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha mezani anadiwe upya, na mwisho wa siku ndege mmoja alikuwa ameingiza fedha ambazo mwenyewe hakuziota. Jioni mweka hazina alihesabu mbele ya mashahidi, na kila mtu akaenda nyumbani na karatasi yake ndogo yenye mhuri.

Wala si kila aliyetoa katika harambee za nchi hii alitoa kwa hiari. Katika sehemu nyingi wapo walioambiwa walete risiti ya mchango ndipo wahudumiwe kwenye ofisi, na wapo waliokatwa mishahara bila kuulizwa. Nalisema hili wazi kwa sababu baadhi ya wasemaji hupenda kuupamba wakati ule kana kwamba umaskini ulikuwa wimbo. Kwa familia nyingi mchango ulikuwa mzigo. Deni linakuwa zito zaidi, si jepesi, pale unapojua kwamba aliyekulipia alipungukiwa.

Mengine ya historia mtayasoma wenyewe. Mwaka wa 2002 WECO ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Mwishoni mwa 2006 Bunge likapitisha sheria, na mwaka uliofuata kikawa chuo kikuu kamili. Mwaka wa 2013, kufuatia Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, kikapewa hati yake mpya pamoja na vyuo vikuu vingine vya umma. Mimi nilipita hapa zamani za WECO, nikasomea ujenzi, na kazi yangu kubwa tangu hapo imekuwa kujenga na kukarabati chemchemi na visima katika vijiji vya kaunti hii.

Najua yupo mwanafunzi anayejiuliza: mimi nimetoka Kitui, au Mombasa, au Lodwar, mzazi wangu hakuchangia wala hakuchangiwa huku, karo nalipa mwenyewe, deni hili linanihusu vipi? Swali hilo ni la haki. Karo unayolipa hainunui yote utakayotumia hapa. Sehemu nyingine hutoka katika kodi, na kodi ya Kenya hulipwa pia na mama anayenunua sabuni na mafuta ya taa katika soko la Lurambi, ambaye pengine hatakuwa na mtoto katika chuo kikuu chochote. Tena mzazi wako kule Kitui au Mombasa yaelekea alichangia shule au zahanati fulani, na leo mtoto wa Kakamega anatibiwa au anafundishwa humo. Harambee ilikuwa na maana kwa sababu hakuna aliyeuliza mtoto atakayesoma ni wa nani.

Sasa nije kwenye maisha yenu, kwa maana sitaki mdhani nimesahau jinsi yalivyo magumu. Mabweni hayatoshi. Wengi wenu mtapanga vyumba huko Lurambi, Kefinco, Sichirai na Koromatangi, mkilala wawili au watatu katika chumba kimoja chenye jiko la gesi kwenye pembe moja na vitabu kwenye nyingine. Mikopo ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huchelewa, na mfumo mpya wa ufadhili ulioanzishwa mwaka wa 2023, uliowagawa wanafunzi katika makundi kulingana na hali za familia zao, umewaacha wengine wakijitetea kwamba wao si matajiri kama karatasi inavyodai. Kuna wiki ambazo mwanafunzi hula mara moja kwa siku na hamwambii mtu. Wahadhiri mliopo hapa, naomba mnisikie: kijana anayesinzia darasani saa nne asubuhi huenda hakukesha kwenye starehe.

Katika wiki kama hizo, anayemwokoa mwanafunzi ni nani? Mara nyingi ni jirani. Ni mama mboga anayemwandikia sukuma na nyanya kwenye daftari hadi mkopo uingie. Ni mwenye nyumba anayekubali nusu ya kodi mwezi wa kwanza. Ni kijana wa bodaboda anayempeleka hospitali usiku na kumwambia, utanilipa. Watu hao hawana ofisi ya huduma kwa jamii wala hawaandiki ripoti, lakini wamewahudumia wanafunzi wa mji huu miaka nenda miaka rudi. Inaniuma, na nasema kwa uchungu, kusikia kwamba mwanafunzi amehama usiku na kumwachia mama huyo daftari lisilolipwa, au kwamba maandamano yaliyoanza kwa madai ya haki yameishia kwa mawe kwenye vibanda vya watu ambao hawakuhusika na madai yale. Dai haki zenu. Nchi hii imepata uhuru wake mwingi kutokana na wanafunzi waliokataa kunyamaza. Lakini kibanda cha mbao kando ya barabara ya Webuye ni mtaji wote wa mtu, na kikivunjwa hakuna bima itakayokirudisha.

Kuhusu uongozi wa wanafunzi nitasema kwa ufupi tu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka wa 2016, viongozi wenu huchaguliwa kupitia wajumbe badala ya kila mwanafunzi kumpigia kura mgombea moja kwa moja. Wapo wanaoupenda mfumo huo na wapo wanaoulaani. Kwa vyovyote vile, mwulize kila anayewania uongozi atawafanyia nini majirani wa chuo, pamoja na kumwuliza juu ya intaneti na chakula cha mesi.

Huduma kwa jamii nitaizungumzia kwa urefu, kwa maana ndiko nilikoishi. Vyuo vyetu vimezoea aina moja ya huduma ambayo naomba tuiache. Basi la chuo hupakia vijana waliovaa fulana za rangi moja, wanapanda miche mia kadhaa katika uwanja wa shule ya msingi, picha zinapigwa, soda zinanywewa, na saa tisa basi linarudi. Miezi mitatu baadaye ng'ombe wamekula miche yote kwa sababu hakuna aliyeulizwa nani atawafukuza. Walimu wa shule ile hawasemi kitu kwa adabu tu. Mwaka unaofuata basi lingine linakuja.

Hebu tulinganishe na kazi ya chemchemi. Katika kaunti hii na jirani zake watu wengi bado huteka maji ya chemchemi, na ardhi yenyewe huwa ni ya mtu binafsi ingawa desturi inamtaka amruhusu kila mtu ateke. Mradi wa maji wa magharibi mwa Kenya ulioendeshwa kwa ushirikiano wa Kenya na Finland kuanzia 1981 ulijenga visima vingi vya pampu za mkono na kuhifadhi chemchemi nyingi, na mpaka leo unaweza kukuta saruji ya wakati ule ikiwa bado imeshika, au ikiwa imepasuka na kuachwa.

Chemchemi huhifadhiwa hivi. Mnaanza kwa kuyafuata maji nyuma mpaka pale yanapotoka ardhini, mkichimba polepole bila kulivunja tabaka gumu lililo chini yake, kwa sababu likivunjika maji yanaweza kuzama na kutafuta njia nyingine, na kijiji kikakosa hata yale machafu kilichokuwa nayo. Mbele ya jicho hilo mnajenga ukuta wa mawe na saruji wenye mbawa mbili, na bomba la kutolea maji mnaliweka chini ya usawa wa jicho ili maji yasijirundike yakasukumwa kurudi nyuma. Nyuma ya ukuta mnajaza mawe yaliyooshwa, juu yake mnatandaza karatasi nzito ya plastiki, kisha udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, kisha udongo wa kawaida na nyasi. Upande wa juu mnachimba mtaro wa kuyageuza maji ya mvua, mnazungushia ua mifugo isikanyage, na mbele ya bomba mnajenga sakafu, ngazi na mfereji ili anayeteka asisimame kwenye tope na maji yanayomwagika yapate pa kwenda. Vijana wenye nguvu, wakiwa na mawe na saruji tayari, huimaliza kazi hiyo kwa siku chache.

Ugumu huja baada ya saruji kukauka. Mwenye shamba lililo juu ya chemchemi amepanda mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi, na kila mtu anajua kwamba ingefaa iondolewe. Lakini mikaratusi hiyo ndiyo karo ya watoto wake, kwa kuwa nguzo na mbao zina soko. Jirani wa pili amechimba choo karibu mno kwa upande wa juu. Mtaro wa maji ya mvua unahitaji kuzibuliwa kila msimu, na kamati iliyochaguliwa siku ya kwanza kwa shangwe haijakutana tena. Mambo hayo hayamalizwi na mhandisi wala na fulana. Yanamalizwa na mtu anayerudi, anayeketi na mwenye shamba, anayekubali kwamba mahesabu ya mzee yule ni ya kweli, na anayetafuta naye mti mwingine wenye soko na usiokausha jicho la maji, kisha akasubiri mikaratusi ile ifikie umri wa kukatwa.

Hapa ndipo elimu yenu inapohitajika kwa dhati. Wanauchumi Michael Kremer, Edward Miguel na wenzao walichunguza chemchemi zilizohifadhiwa katika eneo la Busia, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2011, yalionyesha kwamba uchafuzi wa kinyesi kwenye chemchemi yenyewe ulipungua kwa takriban theluthi mbili, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa takriban robo. Lakini maji yalipofika nyumbani faida ilikuwa ndogo zaidi, kwa sababu yalichafuka tena njiani na ndani ya vyombo. Fikirieni maana yake kwa mwanafunzi wa uuguzi, wa afya ya umma, wa biolojia, wa elimu. Fundi kama mimi hufika mwisho wa kazi yake kwenye bomba. Kutoka bombani hadi kikombeni kwa mtoto kuna mtungi, kata, mikono na kifuniko, na hiyo ni kazi yenu.

Nina ombi mahususi kwa idara zinazopima maji. Wanafunzi wenu huja kila mwaka kuchukua sampuli kwa ajili ya miradi ya mwaka wa nne. Hujaza chupa, huandika namba, huondoka. Ripoti hufungwa kwa jalada zuri na kuwekwa kwenye rafu, na mama aliyewaonyesha njia ya chemchemi haambiwi kamwe kama maji anayowanywesha wanawe yana vijidudu au hayana. Naomba iwe sharti kwamba hakuna mradi utakaokubaliwa mpaka mwanafunzi awe amerudi kijijini na kuyasoma matokeo yake mbele ya watu, kwa Kiswahili au kwa lugha ya hapo, akajibu maswali yao. Mtashangaa jinsi maswali hayo yalivyo magumu kuliko ya wahadhiri.

Chuo hiki pia hufundisha usimamizi wa majanga na misaada ya kibinadamu, na eneo letu lina sababu ya kuyahitaji mafunzo hayo. Mto Nzoia umewafurika watu wa Budalang'i mara nyingi. Na wapo hapa wanaokumbuka maporomoko ya ardhi ya Khuvasali mwezi wa Agosti 2007, ambapo watu waliokuwa wakiwafukua majirani zao walifunikwa na poromoko la pili. Majirani wale walikimbilia walipoona uhai unapotea, na hakuna mtu mwenye moyo atakayewalaumu. Lakini kama kijiji kingekuwa na watu wachache waliofundishwa jinsi ya kusoma mlima uliolegea na kuweka mlinzi wa kuutazama wakati wengine wanachimba, huenda baadhi yao wangekuwa hai. Mafunzo ya namna hiyo hayahitaji maabara. Yanahitaji mwanafunzi aliyeelewa somo lake na mwenye muda wa kwenda barazani.

Juu ya urithi, wengi mtafikiria mara moja ngoma ya isukuti, na ni sawa. Isukuti ya Waisukha na Waidakho hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya mnyama na njuga za chuma, kiongozi mmoja akiimba na safu za wanaume na wanawake zikimwitikia. Huchezwa kwenye kuzaliwa, kwenye jando, kwenye harusi, kwenye mazishi na kwenye sherehe nyingine nyingi. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na sababu zilizotolewa ni za kuhuzunisha: wenye ujuzi wengi ni wazee, warithi hawapo, vifaa vya kutengenezea ala vimekuwa ghali na adimu, na watunzi wanapendelea muziki unaouzika. Kikundi cha wanafunzi kinachocheza isukuti dakika tano wakati wa kumpokea mgeni wa heshima kinafurahisha, lakini hakijaokoa kitu. Kijana anayekwenda Shinyalu kukaa na mtengenezaji wa ngoma, akajifunza ni mti gani unaochongwa, ngozi inawambwaje, na maneno gani huimbwa kwenye mazishi ya mzee tofauti na ya kijana, huyo amebeba kitu. Si lazima awe Mluhya. Kwa kweli ningefurahi zaidi akiwa Mkamba au Mdigo, kwa sababu atauliza yale ambayo sisi hatuulizi tukidhani tunayajua.

Msitu wa Kakamega nao ni urithi, mabaki ya msitu wa mvua wa Afrika ya kati ambayo kwa Kenya hayapatikani mahali pengine. Vijana wanaouza mizizi ya mukombero mjini wanajua inakoota kuliko vitabu vingi, na mwanafunzi wa botania atafanya vyema kununua mzizi mmoja na kuuliza maswali kumi.

Lakini upo urithi mmoja ambao unatoweka haraka kuliko ngoma, nao ndio ulionileta hapa leo. Watu waliochangia WECO wanaondoka. Aliyekuwa na umri wa miaka thelathini mwaka wa 1972 sasa ni mzee wa miaka themanini na ushee. Kila mwezi tunamzika mmoja, na kwenye mazishi mtoto wake anasoma wasifu: alikuwa muumini, alipenda mifugo, ameacha wajukuu. Hakuna anayesema kwamba alitoa ndama wake kwa ajili ya chuo kikuu, kwa kuwa mtoto mwenyewe hajui. Risiti ile ndogo yenye mhuri iko ndani ya sanduku la bati, chini ya hati ya shamba na kadi za kliniki, na siku ya kusafisha nyumba itachomwa pamoja na takataka.

Ninachoomba ni kwamba wanafunzi wa mwaka huu waanze kuzikusanya kumbukumbu hizo. Nendeni wawili wawili, mmoja anayeijua lugha ya hapo na mmoja asiyeijua, ili wa pili alazimike kusikiliza kwa makini na wa kwanza alazimike kufafanua. Mwulizeni mzee alitoa nini, nani alimwomba, barazani walikaa wapi, aliambiwa chuo kitafanya nini, na kama anaona ahadi ilitimizwa. Hilo la mwisho msiliruke hata kama jibu litawachoma. Na akisema alilazimishwa, andikeni hivyo hivyo alivyosema. Rekodini kwa simu akikubali, na akikataa andikeni kwa mkono. Risiti msiichukue, ipigeni picha mumrudishie mwenyewe. Mkimaliza, msiondoke na hadithi yake tu: kama kuna mtaro wa chemchemi ulioziba au fomu ya wajukuu inayohitaji kujazwa kwenye mtandao, fanyeni kwanza ndipo mwage.

Naibu Chansela, kwa upande wa chuo tunaomba mambo mawili. La kwanza ni sehemu ndani ya maktaba, hata ikiwa kabati moja na kompyuta moja, pamoja na mkutubi atakayepokea na kupanga kinacholetwa ili kisipotee kwenye simu za wanafunzi watakapohitimu. La pili ni kwamba majina yatakayopatikana yaandikwe mahali ambapo mgeni anayeingia chuoni atayaona, na familia zao zialikwe kwenye mahafali kama wanavyoalikwa wafadhili wengine.

Wazee watatu kati ya waliokuja leo wamekubali kuwa wa kwanza kuhojiwa, nyumbani kwao, Jumamosi hii. Watakaokwenda wajiandikishe kwa viongozi wa wanafunzi kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, wavae viatu vya kutembelea kwenye matope, na wawe langoni saa mbili asubuhi, kwa kuwa wazee hao hurudi shambani mapema na wametuomba tusiwacheleweshe. Ahsanteni sana.